Kampuni iko Delaware, wewe uko Tudor: kupanga biashara ndogo ya onlaini ulipe kodi kidogo bila kujitia kitanzi

Nianze na aibu yangu mwenyewe ndo mtanielewa vizuri. Mwaka 2022 nilifungua LLC (kampuni ndogo ya Marekani) kule jimbo la Delaware nikiwa nimelala kitandani Tudor, Mombasa, simu iko kwa chaji, na wiki hiyo nikawa natembea mtaani najiona mwekezaji wa kimataifa. Biashara yenyewe ni templeti za michoro ya hina na kadi za harusi, ni PDF tu, bibi harusi wa Birmingham au Toronto ananunua dola 9 anapakua, basi. Wakala alotuuzia ile pakeji kwenye grupu la WhatsApp alisema maneno matamu, kwamba ukiwa na kampuni Marekani na wewe si Mmarekani hulipi hata senti. Na kusema kweli hakudanganya kwa upande wa Marekani. Uongo ulikuwa kwenye yale alonyamazia.

Yalinifikia yote siku moja kwa mhasibu, mzee mmoja ofisi yake iko ghorofa ya pili juu ya duka la leso, Biashara Street. Nilienda kuuliza kitu kingine kabisa. Nikamtajia LLC kwa kujigamba kidogo, akavua miwani.

"Bei ya mali yako nani anapanga, mwanangu?"

"Mimi, mzee wangu."

"Ukiwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na mkataba wa kule kwa kupokea pesa nani alitia saini?"

"Mimi. Kwa simu. Nlikuwa kitandani."

"Basi kampuni yako iko kitandani Tudor. Delaware ni sanduku la posta."

Hilo ndo somo lote na ningeweza kuishia hapo, lakini wengi mnaniuliza ifanyweje sasa, so hapa chini nimeandika jinsi nilivyopanga upya mpaka kodi ikashuka kweli, kihalali, na mengi yake hayakuwa ng'ambo hata kidogo. Naandika nikiwa Kenya na hesabu ni za Kenya kufikia mwaka wa fedha 2025/26, Sheria ya Fedha hubadilika kila mwaka kwa hivyo ukisoma hii baadaye angalia viwango tena. Wa Tanzania nimewawekea fungu lenu huko chini.

Kwanza chora pesa inapita wapi

Usianze na nchi. Chukua daftari, ukurasa mmoja, chora pesa kutoka kwa mteja mpaka mfukoni mwako. Mteja alipo, anayepokea pesa nani, kampuni gani iko kwenye ankara, akaunti gani, inaingia kwa nani. Yangu ilikuwa hivi: mteja Uingereza, Stripe (huduma ya kupokea malipo ya kadi) ya LLC, akaunti ya dola ya LLC, halafu Wise (huduma ya kutuma pesa) kwa jina langu, halafu M-Pesa kidogo kidogo kila nikitaka kununua samaki. Ukiichora ndo unaona upuuzi. Hakuna mahali popote pale katikati palipofanyika kazi. Kazi yote, kuchora, kujibu wateja, kupanga matangazo, ilikuwa ncha ya mwisho, Tudor.

Pembeni ya kila kituo andika nani anafanya kazi hapo na anafanya nini. Kituo ambacho hakuna mtu anafanya kazi hakiwezi kubeba faida, hiyo ndo kanuni ambayo mamlaka za kodi dunia nzima zinaelekea nayo, iite jina lolote.

Pili, wewe ni mkaazi wa wapi

Hapa ndo watu wengi huteleza, wanasikia siku 183 wanadhani ni hiyo tu. Sheria ya Kenya inaanza na kitu kingine: kama una makao ya kudumu Kenya na ukawa nchini kwa muda wowote ule mwaka huo, wewe ni mkaazi. Muda wowote. Hata ukija Idd siku nne ukarudi. Kama huna makao ya kudumu, hapo sasa ndo zinahesabiwa siku 183 za mwaka huo, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo pamoja na miwili ilotangulia.

Kampuni nayo ina ukaazi. Ilosajiliwa Kenya ni mkaazi, sawa, lakini pia kampuni ambayo usimamizi na uamuzi wake unafanyika Kenya ni mkaazi, hata cheti chake kiwe kimetoka mwezini. Na biashara ya mkaazi inayofanyika nusu Kenya nusu nje, faida yote inahesabiwa imepatikana Kenya. Yote.

Sasa unganisha. LLC yangu naiendesha kutoka kitandani, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wanaweza kuichukua kama kampuni mkaazi wa Kenya, kodi ya kampuni ni asilimia 30, na ukijigawia kilichobaki kuna 5 nyengine ya gawio. Wakati mie jirani yangu anayeuza mabuibui onlaini kwa jina lake tu, bila Delaware wala nini, analipa asilimia 3 ya mauzo. Yaani nilikuwa nimelipa watu pesa wanipandishie kodi.

Tatu, maliza hesabu ya nyumbani kabla hujatazama ng'ambo

Hapa nitakaa sana manake ndo pesa ilipo.

Kenya kuna TOT, kodi ya mauzo ghafi, kwa mkaazi ambaye biashara yake inauza zaidi ya milioni 1 na haipiti milioni 25 kwa mwaka. Toka Julai 2023 ni asilimia 3. Inalipwa kila mwezi, kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ukishalipa imekwisha, hakuna kutoa gharama. Njia ya kawaida ni ile ya faida, unatoa gharama zako kwanza halafu unapanda ngazi: mpaka 24,000 kwa mwezi asilimia 10, inayofuata 8,333 asilimia 25, baada ya hapo 30 mpaka laki tano kwa mwezi, na juu yake kuna 32.5 na 35.

Chukua mfano, si hesabu zangu kamili ila ziko karibu. Mauzo milioni 3.6 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Gharama za kweli zenye risiti, matangazo, programu, dada anayenisaidia kujibu wateja, milioni 1.5. Faida milioni 2.1.

Kwa TOT unalipa 108,000. Basi.

Kwa njia ya kawaida kama mtu binafsi: 28,800 ya ngazi ya kwanza, 25,000 ya pili, halafu asilimia 30 ya 1,712,000 ilobaki ni 513,600. Jumla 567,400, toa nafuu ya binafsi ya 28,800, unabaki na 538,600.

Kwa kampuni njia ya kawaida: 30 ya milioni 2.1 ni 630,000, ukijigawia 1,470,000 ilobaki unakatwa 73,500. Jumla 703,500.

Tazama hizo namba tatu tena. Laki moja na kitu, laki tano na nusu karibu, laki saba. Hakuna kisiwa chochote baharini kitakachokupa tofauti hiyo kwa bei hiyo, na hii iko kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, unaongeza jukumu la TOT kwenye PIN yako (namba yako ya kodi) na kwisha.

Lakini usikimbilie. TOT inapiga mauzo, haiangalii kama umepata hasara. Kwa mauzo yale yale ya milioni 3.6, mstari unapogeuka ni faida ya kama 665,000. Ukipata faida chini ya hapo njia ya kawaida ni nafuu zaidi. Kwa mfano faida ikiwa 500,000, ya kawaida inakuja 58,600 na TOT bado ni ile ile 108,000. Kwa hivyo mwenye kuuza bidhaa za watu wengine na kula tofauti ndogo, au anayemwaga nusu ya pesa kwenye matangazo ya Facebook, akae njia ya kawaida. Sheria inakuruhusu kujitoa kwenye TOT kwa kumwandikia Kamishna. Anayeuza kitu alichokitengeneza mara moja akakiuza mara elfu, kama templeti, TOT ni yake.

Kitu cha pili, TOT haihusu ada za kitaalamu, usimamizi wala mafunzo, wala mapato ya kupangisha nyumba. Mie nachora pia logo kwa wateja maalum, mteja ananiagiza yeye mwenyewe, hiyo mzee akaniambia ni ada ya kitaalamu iende njia ya kawaida. Templeti zinauzwa kwa kila mtu, hizo ni mauzo. Nikazitenganisha kabisa, akaunti mbili, ankara zenye namba za mfululizo mbili. Usichanganye, ukichanganya utajikuta unaeleza mbele ya mtu ambaye ana siku nzima ya kukusikiliza.

Cha tatu kinachowaumiza wengi: mauzo ghafi ni kabla makato. Mteja amelipa dola 9, Stripe imekata yake, akaunti yako imeingia dola 8 na senti. Mauzo ni 9. Watu hujumlisha kilichoingia benki wanadhani wamemaliza. Pakua ripoti kamili ya mwezi, ibadilishe kwa kiwango cha Benki Kuu, hifadhi. Kumbukumbu zote ziwekwe miaka 5.

Na ukiwa njia ya kawaida, toka Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) haikubaliki, isipokuwa vitu kadhaa, na kimojawapo ni huduma kutoka kwa mtu wa nje asiye na kituo cha biashara Kenya. So ile programu unayolipia Marekani kila mwezi bado unaitoa kwa ankara yao ya kawaida, ila dada anayekupigia picha Nyali anahitaji kukupa eTIMS. Kodi ya mwaka ikipita 40,000 unalipa kwa awamu nne, Aprili, Juni, Septemba na Desemba, tarehe 20. Mie nilisahau ya kwanza, nikaona faini, nikaweka alamu.

Nne, kampuni ya nje inafaa kwa nini hasa

Sisemi haifai. Inafaa kupokea malipo. Stripe haifungui akaunti kwa biashara ya Kenya moja kwa moja, iko Paystack ambayo Stripe waliinunua mwaka 2020, na kwa wengi inatosha. Lakini kuna programu na soko zinataka Stripe yenyewe, na kuna wateja wa makampuni makubwa ambao wakiona ankara ya dola kutoka kampuni ya Marekani hawaulizi maswali mengi. Hiyo ni sababu ya biashara, na sababu ya biashara ndo kitu unachotaka kuwa nacho kwenye faili yako. Mpango usiokuwa na sababu yoyote ila kupunguza kodi, Kenya una adhabu yake, mara mbili ya kodi uloikwepa. Mara mbili, juu ya kodi yenyewe.

Ukibaki nayo, ifanye hivi. Andika mkataba wa kurasa mbili kati yako na LLC: LLC ni mkusanyaji tu, inapokea pesa kwa niaba yako, mali ni yako, michoro ni yako, hatari ni yako, LLC inabaki na gharama zake na pesa zote zilobaki zinakuja kwako kila mwezi. Halafu ifuate kweli, usiandike mkataba ukaacha dola zikalala kule miaka miwili. Mauzo yote unayaonyesha Kenya, ghafi, kama ya kwako. Hakuna kodi ilopungua kwa LLC hapo, nimekwambia mapema, inakupa mlango wa malipo tu.

Na upande wa Marekani kuna kazi ambayo yule wakala alinyamazia. LLC ya mtu mmoja asiye Mmarekani, Marekani wanaichukua kama haipo, wanakuangalia wewe, na kama huna wafanyakazi wala mawakala wako kule na kazi yote unaifanya Kenya, kwa kawaida mapato ya kazi yako hayaguswi. Ila lazima kila mwaka upeleke fomu 5472 ikiwa imebandikwa kwenye fomu 1120 ya mfano, kabla tarehe 15 Aprili, ukieleza pesa ulizoingiza na ulizotoa kati yako na kampuni. Hata kodi ikiwa sifuri. Usipopeleka adhabu ni dola 25,000. Soma tena hiyo. Mauzo yangu ya mwaka mzima hayakufika huko wakati ule. Niligundua nikiwa nimechelewa miezi mingi, nikapeleka kwa faksi na barua ya maelezo, nikakaa na tumbo la kuuma mpaka nikaona kimya. Delaware yenyewe inataka dola 300 kila mwaka kabla tarehe 1 Juni, ukichelewa unaongezewa 200 na riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Wyoming ni rahisi, dola 60 kwa kampuni ndogo, kwa hivyo kama unafungua leo sioni kwa nini Delaware.

Kingine, wateja wa Kenya usiwapitishe kwa LLC abadan. Hoteli moja Diani ilitaka nichore menyu zao, mie kwa ujanja nikawapa ankara ya dola kutoka Delaware. Mhasibu wao akanipigia, kwa adabu kabisa: "Dada, hii tukikulipa tunakata asilimia 20, kampuni ni ya nje." Ndo sheria, ada ya kitaalamu kwa asiye mkaazi inakatwa 20 palepale. Ankara ingetoka kwa PIN yangu ya Kenya wangekata 5, na hiyo 5 naidai kwenye hesabu ya mwaka. Nikaibadilisha siku hiyohiyo.

Uingereza watu wanaipenda kwa sababu ni rahisi kufungua. Kodi yao kwa faida isiyozidi pauni 50,000 ni asilimia 19, juu inapanda mpaka 25, na jina lako linaonekana na kila mtu kwenye rejista yao. Asilimia 19 na 3, chagua mwenyewe. Estonia nao, kile kitambulisho chao cha kidijitali kimekuwepo toka 2014, ni kitu kizuri, faida ukiiacha ndani ya kampuni haikatwi, ukiitoa toka 2025 ni 22/78 ya kiasi unachojigawia, lakini kitambulisho si ukaazi wa kodi. Bado uko Tudor.

Kodi mbili kwa shilingi moja

Hii fupi. Kenya haikupi nafuu ya kodi ulolipa nje kwenye biashara kama hakuna mkataba na nchi hiyo. Na Uingereza uko, na Emirati uko, na Kanada, Ujerumani, India. Na Marekani hakuna. Na Mauritius, mkataba ulotiwa saini 2012, mahakama kuu Nairobi iliubatilisha mwaka 2019 kwa sababu haukufikishwa bungeni inavyotakiwa, kwa hivyo mtu akikuuzia kampuni ya Mauritius kwa maelezo ya zamani mwulize habari hiyo uone uso wake. Ukiweka video YouTube utajua uchungu wa kukosa mkataba na Marekani, mapato ya watazamaji wa kule yanakatwa 30, na usipojaza fomu ya kodi kwenye akaunti wanaweza kukata 24 ya mapato yako yote ya dunia. Jaza hiyo fomu, W-8BEN, leo, dakika kumi.

VAT, ile inayosahauliwa

VAT ni kodi ya ongezeko la thamani. Kenya ni asilimia 16 ukifika mauzo ya milioni 5. Huduma unayouza nje toka Julai 2023 ni kiwango cha sifuri, maana yake ukijisajili hutozi mteja wa nje na unadai VAT uloilipa kwenye gharama zako. Uzuri huo, lakini utunze ushahidi mteja yuko nje, anwani yake, malipo yake yametoka benki gani.

Upande wa pili wengi hawajui kabisa: ukiuza bidhaa ya kidijitali kwa mtu wa kawaida Uingereza au Ulaya, VAT yao inadaiwa kuanzia mauzo ya kwanza kwa muuzaji wa nje, hakuna kiwango cha chini. Kujisajili huko kwote kwa duka la dola 9 ni wazimu. Dawa yake ni kuuza kupitia huduma ambayo yenyewe ndo muuzaji mbele ya sheria, kama Paddle, au Gumroad toka Januari 2025, wao wanatoza VAT wanailipa kule wanakukata ada yao, wewe unabaki na mteja mmoja tu ambaye ni wao. Gumroad ni asilimia 10 na senti 50 kwa kila mauzo, kwa bei ya dola 9 inauma, ila mie nilipohesabu muda na mhasibu wa Uingereza nikaona bora niumie hapo. Angalia kwanza wanalipaje Kenya kabla hujahamisha duka. Na kumbe nilipohamia huko, ile sababu ya kuwa na LLC ikawa imekufa yenyewe.

Dubai

Lazima niiseme manake Mombasa kila nyumba ina mtu Deira. Binamu yangu aliniambia njoo, huku hakuna kodi. Mshahara wa mtu kweli haukatwi kodi. Biashara, toka Juni 2023 kuna asilimia 9 kwa faida inayopita dirham 375,000, na biashara ndogo zenye mapato yasiyozidi milioni 3 ya dirham wana nafuu mpaka vipindi vinavyokwisha kufikia mwisho wa 2026. Ukifungua kampuni lazima uisajili kwa kodi hata kama hulipi, ukichelewa faini ni dirham 10,000. Ongeza leseni ya kila mwaka na viza.

Inafanya kazi, nimeona watu imewafanyia kazi, lakini inafanya kazi kwa mtu alohama. Kuhama kweli. Umekodi nyumba kule, watoto wako shule ya kule, nyumba ya Kenya umeipangisha kwa mkataba, maamuzi unayafanya ukiwa kule. Ukibakisha mke na watoto Kizingo na ufunguo wa nyumba mfukoni, ukija kila mwezi wiki moja, rudi pale juu usome habari ya makao ya kudumu na muda wowote. Mkataba wa Kenya na Emirati utakusaidia kuamua ikiwa nchi zote mbili zinakudai, ila ukihesabu mahusiano yako yote yako Mombasa jibu unalijua. Halafu piga hesabu: kama unauza milioni 3.6 kwa mwaka unaokoa 108,000 za TOT kwa kulipa kodi ya nyumba ya Dubai. Mambo hayo ya wanaoingiza makumi ya milioni.

Na benki za kule zinatuma taarifa za akaunti kwa nchi ya mwenye akaunti, Kenya imejiunga na utaratibu huo. Usijengee mpango juu ya kwamba hawataona.

Ndugu zetu wa Tanzania

Kanuni ni hiyohiyo karibu neno kwa neno: makao ya kudumu na kuwepo wakati wowote, siku 183, wastani wa 122, na kampuni inayosimamiwa Tanzania ni mkaazi wa Tanzania, asilimia 30. Mkaazi anatozwa mapato ya dunia nzima. Nafuu yenu ni mfumo wa makadirio kwa mtu binafsi ambaye mauzo hayapiti milioni 100 kwa mwaka, na huo hauhusu wataalamu, kwa hivyo tena tenganisha bidhaa na kazi za kuagizwa. Mnatushinda kitu kimoja, sheria yenu inawapa nafuu ya kodi ya nje hata bila mkataba. Tunzeni vyeti vya kodi ya huko mlikokatwa.

Kuhamisha na kufunga

Mie nilihama tarehe 1 Januari, mwaka wa kodi wa mtu binafsi unaanza hapo na hesabu zinakuwa safi. Wiki mbili kabla nilihamisha domeini, nikaandika karatasi kwamba michoro yote ni yangu na LLC haikuwa na haki nayo ila kukusanya, nikabadilisha jina kwenye ankara na kwenye masharti ya duka. Stripe ya zamani niliiacha wazi miezi mitatu kwa ajili ya wateja wanaodai kurudishiwa pesa, usiifunge haraka, pesa ya mtu ikirudi na akaunti imefungwa ni kizaazaa.

Kisha LLC. Usiiache ife yenyewe, Delaware inaendelea kuhesabu 300 zake kila mwaka. Lipa yote unayodaiwa, peleka cheti cha kufuta kampuni, peleka 5472 ya mwisho ukiweka alama kwamba ni ya mwisho, andikia IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, barua wafunge akaunti ya ile EIN, namba ya kodi ya kampuni. Nakala zote tia kwenye bahasha moja.

Miaka ya nyuma ambayo hukuonyesha mauzo usiiruke ukadhani umeanza upya. Mie nilikuwa na miezi kumi na minane. Mzee alinikalisha chini tukafungua marejesho moja moja kwenye iTax tukayarekebisha, kodi, adhabu, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, tukaomba kulipa kidogo kidogo. Kujipeleka mwenyewe hesabu inakuwa ya pesa tu. Ukingoja barua ije, na waone ulificha kwa makusudi, hapo mazungumzo ni ya faini mpaka milioni 10 au mara mbili ya kodi, au jela, au vyote viwili. Awamu ya mwisho nililipa mwezi wa tisa, nikampelekea mzee risiti ofisini kwake juu ya duka la leso, akaipiga muhuri wa tarehe akaitia kwenye faili, halafu akaniuliza kama bado nafanya michoro ya piko manake binti yake anaolewa.